Mama Alimwambia Mgeni

Chelangat alikuta viatu vya Becky mlangoni pake, vimepangwa vizuri kama viatu vya mtu wa nyumba hiyo. Ndani, mama yake alikuwa anacheka. Hakikuwa kile kicheko chake cha kanisani cha kuziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa anacheka mdomo wazi, mapengo nje, mkono mmoja juu ya goti la Becky. Kisha akasema kitu, maneno marefu ya haraka, kwa lugha ambayo Chelangat, katika miaka yake thelathini na minane, alikuwa hajawahi kumsikia akiisema nyumbani. Yalikaribiana na Kikipsigis cha mumewe. Alidhani ameyashika, yakamponyoka.

Akasukuma mlango. Mama akanyamaza.

"Umerudi," mama akasema kwa Kiswahili.

"Nimerudi."

"Chela, sasa?" Becky alikuwa ameshika kikombe cha Chelangat mwenyewe, kile chenye ua la bluu ambacho hata mumewe Weldon hathubutu kukigusa. "Nilileta fomu zako za likizo nikamkuta Gogo. Aki Gogo ana story. Nimekaa hapa tangu saa tisa, nikasahau hata nina kazi."

Gogo, eti. Gogo ni bibi, na huyo aliyeruhusiwa kumwita hivyo alikuwa Jepleting, binti wa Chelangat, aliyekuwa darasa la tatu. Becky alikuwa na miaka thelathini na bibi yake mwenyewe huko Kakamega. Chelangat akaweka mkoba mezani kwa kishindo kidogo, akaenda kuchungulia sufuria iliyokuwa haina shida yoyote.

Wote wawili walifanya kazi katika kampuni moja pale viwandani Nakuru, kampuni ya Wakanada inayonunua maharagwe na dengu, ikayasafisha na kuyapeleka ng'ambo. Chelangat alikuwa karani wa mizani ya malori. Becky alikuwa afisa wa wafanyakazi, ofisi ya juu, yenye zulia. Kila Septemba watu wote, kuanzia meneja hadi mabawabu, hukaa ukumbini wakafundishwa habari ya watoto wa wenyeji wa Kanada: jinsi kwa zaidi ya miaka mia walivyochukuliwa kutoka kwa wazazi wao wakatiwa katika shule za bweni, wakakatwa nywele, wakakatazwa lugha za mama zao, na jinsi wengi hawakurudi. Tarehe thelathini huvaliwa tisheti za rangi ya machungwa kwa ajili yao.

Chelangat alikuwa amehudhuria mara tatu, na mara zote tatu alikaa nyuma akajibu meseji. Ni huzuni, ndiyo, lakini ilikuwa huzuni ya watu wa mbali, na malori yalikuwa yakingoja. Mwaka huu makao makuu yaliagiza kila tawi litafute hadithi ya kwao yenye kufanana na hiyo, isimuliwe siku ile mbele ya wafanyakazi. Becky alikuwa ameitafuta wiki mbili bila kupata. Sasa aliipata, tena jikoni kwa Chelangat.

Mgeni husindikizwa, hata yule unayetamani aende na upepo. Chelangat akamsindikiza hadi kwenye lami.

"Mbona hukuwahi kusema mama yako alipelekwa bweni akiwa mdogo hivyo?" Becky akauliza njiani. "Mimi nazunguka Nakuru yote, nikafika hadi Rongai kwa mzee fulani, kumbe kitu iko hapa Lanet."

Bweni? Mama yake alikuwa Mwogiek wa msitu wa Mau, hilo alilijua, na ndilo pekee alilolijua. Shule hakuwahi kusikia. Angesema tu, "Hata mimi sikujua," na mambo yangeishia pale pale barabarani, wanawake wawili wakashangaa pamoja. Lakini alikuwa bado anaona ule mkono wa mama yake juu ya goti la mtu mwingine.

"Si kitu ya kutangaza," akasema. "Tunaijua sisi wa nyumbani."

"Yote?"

"Yote. Si mimi ndiye mtoto wake?"

Becky akashusha pumzi. "Afadhali. Maana nilikuwa naogopa. Mimi Mluhya nitasimama kwa watu niseme Gogo alipitia hii na hii, kama nani? Jumanne simama wewe. Mimi nitakutambulisha tu, halafu nikae."

"Nitasimama."

"Nikutumie ile nilirekodi?"

"Ya nini? Nitumiwe sauti ya mama yangu na wewe?"

Becky akacheka, akidhani ni mzaha.

Jumamosi mama alikuwa amekaa uani akichambua mboga za managu kwenye ungo. Chelangat akavuta kigoda akakaa karibu naye, akachukua fungu lake. Alikuwa amejiandaa kuanza polepole, kwa habari za kanisa na bei ya maziwa, lakini mdomo haukungoja.

"Mama, ulimwambia Becky nini?"

"Mambo ya zamani."

"Mambo gani?"

"Muulize. Aliweka kwa simu."

"Nakuuliza wewe." Chelangat akaacha majani. "Nikiwa darasa la sita nilikuuliza ulisoma wapi, ukasema hukusoma. Nilipoolewa, wazee wa akina Weldon wakauliza watu wako ni akina nani, ukasema walikwisha. Hata kuomba huwa unaomba kwa Kiswahili. Sasa msichana wa HR anakuja na fomu, unampa masaa mawili."

Mama aling'oa jani lenye tundu, akalitazama, akalitupa kwa kuku.

"Mgeni ukimwambia kitu, ataondoka nayo," akasema. "Wewe unakaa."

"Sasa kukaa ni makosa?"

"Leta sufuria, jua linaenda."

Chelangat alileta sufuria. Moyoni ilikuwa inamchoma kama pilipili kwenye kidonda, na mbaya zaidi ni kwamba hakuna aliyemkosea. Kesho yake Becky akapita asubuhi na shali ya sufi, zawadi, eti Gogo alilalamika baridi. Kwa miaka mitano Chelangat alikuwa amemnunulia mama yake masweta, na masweta yote yalikuwa kwenye sanduku yakingoja siku ya maana. Shali ya Becky ilivaliwa siku iyo hiyo, ikaenda kanisani, ikasifiwa na wamama wa kwaya.

"Kwani unaonea HR wivu, juu ya mama yako mwenyewe?" Weldon akamuuliza wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa mtu wa kununua mahindi Rongai na kuyauza mjini, na aliona kila jambo lina bei yake na njia yake fupi. "Mwambie akutumie hiyo recording, usikize, mambo iishe."

"Nilimwambia najua."

"Basi mwambie ulidanganya."

"Weldon, kula."

Wivu ni mbaya kuliko njaa kwa jambo hili moja: mwenye njaa huomba. Chelangat hakuomba. Jumatatu, malori yalipopungua, alifungua kwenye simu ile filamu ya mafunzo ambayo kwa miaka mitatu hakuitazama, akaweka visikizio masikioni, akaanza kuandika nyuma ya daftari la mizani.

Aliandika watoto wakipandishwa treni. Akafuta treni, akaweka lori la serikali. Akafuta theluji, akaweka ukungu wa Mau. Watawa wa Kizungu aliwaacha, kwa sababu walikuwa wakali na walifaa. Nywele zilizokatwa akaziacha, namba shingoni akaiacha, kitanda cha chuma, uji wenye wadudu, mtoto anayelia usiku akizibwa mdomo na mwenzake. Alipomaliza, alisoma akatokwa na machozi. Alilia kweli, tena akajisikia yu karibu na mama yake kuliko alivyowahi kuwa.

Siku ya Jumanne ukumbi ulijaa rangi ya machungwa mpaka macho yakauma. Meneja, Bwana Bethwel, alifungua kwa maombi na dakika moja ya kimya. Becky alisimama, akasema kwa ufupi kwamba yaliyotokea Kanada yana ndugu zake hata hapa, na kwamba mwenye kusimulia ni mmoja wetu. Akampa Chelangat maikrofoni.

Ni hapo tu, akiwa ameshaishika, ndipo alipomwona mama yake. Alikuwa mstari wa mbele, katika kiti chenye mto, tisheti ya kampuni imemmeza, shali ya Becky mabegani. Becky alikuwa amemtumia gari asubuhi bila kusema neno, akitaka kuwafurahisha wote wawili.

Angeweza kusema tumbo linamuuma. Watu huumwa na matumbo. Lakini mama alikuwa amekaa kando ya kiti cha Becky, na kiti cha Becky kilikuwa kinangoja mwenyewe arudi akae karibu naye.

"Mama yangu alikuwa na miaka saba," Chelangat akaanza.

Alisema vizuri. Tusimnyime haki yake, alisema vizuri sana. Lori la serikali lilipanda mlima kwenye ukungu, watawa wakatoka na mikasi, nywele zikaanguka chini. Namba kumi na nne ikatundikwa shingoni. Nyongesa, dereva wa mashine ya kubebea magunia, mtu mwenye shingo kama gogo, alijifuta macho kwa kofia. Wanawake wa kuchagua maharagwe walilia kwa sauti. Bwana Bethwel alikuwa anarekodi kwa simu, na kabla Chelangat hajamaliza alikuwa ameshatuma kipande cha kwanza kwa wakubwa ng'ambo.

Wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Chelangat akamtazama Becky kwanza, kabla hata ya mama yake, na alipaswa kujiuliza kwa nini. Becky alikuwa amesimama kama wengine, lakini mikono yake ilikuwa chini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu kitu kisichotimia.

"Mathe," Bwana Bethwel akasema akipiga goti kidogo kwa heshima, "tunaomba neno moja tu kutoka kwako. Ilikuwa hivyo?"

Mama alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Alimtazama binti yake kwa muda, bila hasira, kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja chungu akasimama mbele ya vigae akivificha kwa gauni.

"Mtoto wangu amesema," mama akasema. "Ni hivyo."

Makofi yakaanza upya.

Becky alimkuta kwenye ujia, nje ya choo cha wanawake.

"Chela, umesema vizuri. Lakini mbona umemruka Kipkemoi?"

"Kipkemoi nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Chelangat ilikomea hapo, mbele ya karai la kunawia mikono. Becky alimtazama. Polepole akaelewa, na kuelewa kwake kulimtia aibu yeye mwenyewe, akaanza kuvuta vuta tisheti yake.

"Pole," akasema. "Nilidhani... Uliniambia unajua yote."

"Nilisema."

"Hao watawa walitoka wapi?"

"Kwa video."

Msichana mmoja wa maabara alipita, akamkumbatia Chelangat, akamwambia Mungu ambariki mama yake, akaingia chooni. Wakangoja mpaka mlango ufungwe.

"Chukua, sikiza," Becky akasema, akatoa simu yake. "Keti hapo ofisini kwangu. Ni saa moja na dakika arobaini. Sitamwambia mtu."

Chelangat aliitazama ile simu. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama yake, yote aliyokuwa akiitamani kwa siku tano, inatolewa bure kwa mkono ulionyooshwa vizuri. Alimchukia Becky kwa wema wake kuliko alivyomchukia kwa lolote jingine. Kisha, kwa mara ya kwanza, alijichukia kidogo yeye.

"Hapana," akasema. "Nikisikia kwako, itabaki yako."

Mama alikuwa amekalishwa kwenye benchi karibu na mizani, kivulini, na soda aliyokuwa hajaionja. Uwanja ulikuwa mtupu, wafanyakazi wote walikuwa wanakula pilau ukumbini. Chelangat akakaa.

"Kwa nini ulisema ni hivyo?"

"Ulitaka niseme nini? Kwa watu wa kazi yako?"

"Nilidanganya, Mama."

"Nilisikia. Watawa wengi hivyo." Mama akatikisa kichwa. "Na wewe kwa nini ulisema?"

"Wivu," Chelangat akasema, na neno lilipotoka aliona ni dogo kuliko alivyodhani. "Nilimwonea Becky wivu. Ulikuwa unacheka naye. Na mimi hucheki hivyo." Akamgeukia mama yake. "Nani ni Kipkemoi?"

Mama aliweka soda chini, kando ya mguu wa benchi, mahali ambapo haingepigwa teke.

"Ndugu yangu. Mimi nilikuwa na kama tisa, yeye sita. Chifu alikuja na askari akasema watoto wa msituni waende shule. Hakukuwa na Mzungu huko. Walimu walikuwa weusi kama sisi, wengine hata nzuri. Nywele tulikuja tumenyoa. Lakini lugha yetu walisema ni ya porini, ukiiongea unavalishwa kibao kwa shingo, kipande cha mbao na kamba. Unakaa nayo mpaka umshike mwingine akiongea, unamvisha. Mwenye kubaki nacho jioni ndiye anachapwa. Mmoja tu. Kwa hivyo hatukuwa tunaogopa mwalimu. Tulikuwa tunaogopana."

Lori likapiga honi langoni, bawabu akaliashiria lingoje.

"Siku hiyo kibao kilikuwa kwangu. Nilizunguka shule nzima, hakuna mtu anafungua mdomo. Jua linashuka. Nikamwona Kipkemoi anachota maji." Mama akaendelea kwa sauti ile ile ya kuchambua mboga. "Baba yetu akitoka kwenye mizinga ya nyuki alikuwa anaita tukiwa bado hatumwoni. Anaita salamu, nusu. Sisi tunamalizia. Hata ukiwa umelala utamalizia, inatoka yenyewe. Mimi nikasimama nyuma yake nikaita nusu."

Chelangat akamsogelea.

"Akamalizia. Akageuka anacheka, anafikiri baba amekuja kutuchukua. Nikamvisha."

Kutoka ukumbini kulisikika watu wakigongesha sahani.

"Walimchapa. Hakulia. Asubuhi hakukuwa na yeye kwa kitanda. Alikuwa amerudi msituni peke yake, na kaptula tu. Wawindaji walimpata siku ya tatu. Baridi ya Mau si ya mtoto." Mama akajifunika vizuri shali. "Baba hakuniuliza kitu. Ningependa angeniuliza. Halafu nikakuzaa wewe, nikakuweka kifuani, nikafungua mdomo nikuongeleshe kama mama yangu alivyoniongelesha. Nikaona natega. Kila nikitaka kukwambia neno la kwetu naona nasimama nyuma yako. Basi nikakupa Kiswahili."

"Na Becky?"

"Becky ni mtu mzima na si wangu. Hata nikimtega, atanaswa nini?"

Chelangat aliinama akaweka paji la uso kwenye bega la mama yake, juu ya ile shali, iliyokuwa na sufi nzuri kweli. Alitaka kuwa mtu mwenye huzuni tu, huzuni safi isiyo na uchafu, lakini alikuwa Chelangat.

"Hiyo salamu ulimwambia Becky?"

"Hiyo sijamwambia mtu."

Na aibu iliyoje, alifurahi. Alifurahi mpaka akaona haya mbele ya mtoto aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

"Nitawaambia nilidanganya," akasema haraka, kama kulipia furaha hiyo. "Bethwel ameshatuma kwa Wakanada. Nitamwambia leo."

"Waambie kesho. Leo wamelia vizuri, waache wale."

"Wanaweza kunifuta kazi."

"Wanaweza." Mama akachukua soda, akaonja, akakunja uso kwa vile ilikuwa imepata moto.

"Mama. Niitie."

"Nini?"

"Ile nusu. Niitie mimi."

Mama alikataa kwa kichwa. Chelangat akangoja, na kungoja hakukuwa desturi yake. Mwishowe mama akageuza uso upande wa mizani, akaita, si kwa nguvu: maneno matatu au manne yenye kupanda, yakakatika juu, yakabaki hewani.

Chelangat akafungua mdomo. Hapakuwa na kitu. Alitafuta kila mahali mwake na hapakuwa na kitu.

"Sijui inamaliziwaje," akasema.

Mama alikuwa analia sasa, bila kuziba uso. "Ndivyo nilitaka," akasema. "Nilitaka usijue."

"Nifundishe."

Mama akamwambia ile nusu ya pili mara moja, kwa mnong'ono. Kisha akaita tena. Chelangat akamalizia vibaya, mama akamsahihisha neno la mwisho. Mama akaita tena, Chelangat akakosea tena. Mara ya tatu ikatoka sawa. Mama akamdaka mkono akaushika kwa nguvu, akatazama langoni, akatazama mlango wa ukumbi, akatazama nyuma ya benchi, kama mtu anayengoja kuona nani amesikia.

Hakuja mtu.